Wahifadhi wa nyaraka na kumbukumbu za Kakamega

KAKAMEGA ilifanywa makao makuu ya wilaya mwaka 1920, wakoloni walipoyahamisha kutoka Mumias. Tangu hapo barua, ripoti na ramani za utawala zimekuwa zikirundikana. Dhahabu ilipogunduliwa eneo hilo, sheria ya ardhi ilibadilishwa mwaka 1932 ili mashamba ya wenyeji yaweze kutwaliwa bila wao kupewa ardhi nyingine. Ushahidi wa mambo kama hayo umo katika majalada.

Mhifadhi wa nyaraka huanza kwa kung'oa pini zenye kutu, kisha huyapanga majalada kwa utaratibu wa ofisi iliyoyaandika na kuyaorodhesha. Jalada lisiloorodheshwa ni sawa na lililopotea.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ina kituo mjini Kakamega. Kwa kawaida, umma huruhusiwa kusoma nyaraka zilizotimiza miaka 30. Nakala za kumbukumbu za wilaya za Kenya zilizopigwa kwenye mikrofilamu zimo pia katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Hizo humfaa mtafiti wa ng'ambo. Mkulima anayetafuta mpaka wa shamba la babu yake humtegemea mhifadhi aliye karibu naye.