Dawa ya jongo: toka kiazi cha sumu mupaka jeli ya kupaka

Kwetu, mutu akiumwa na kiungo, wazee wanapaka dawa pale pale panapouma. Watu waliosoma wanacheka. Lakini siku hizi njia hiyo ya ngozi njo inayofuatwa na wenye kutafuta dawa mupya ya jongo, ule ugonjwa ambao munganga wa hospitali anauita goutte. Asidi ya uriki inazidi katika damu, inaganda ndani ya kiungo kama sindano ndogo ndogo. Usiku kidole kikubwa cha muguu kinawaka moto, hata shuka haikigusi.

Dawa yake ya zamani ilitoka kwenye kiazi cha ua Colchicum. Alexander wa Tralles aliiandika katika karne ya 6. Kisha iliogopwa miaka mingi, maana inaua. Mwisho wa karne ya 18 Husson, askari wa Ufaransa, aliuza maji ya dawa akificha siri yake. Katika 1814 John Want wa London akasema wazi: ni Colchicum. Katika 1820 Pelletier na Caventou walitoa ile nguvu yake huko Paris, na katika 1833 Geiger akaipa jina la kolkisini.

Kumbe kolkisini inaota hata kwetu Congo! Iko katika Gloriosa superba, mumea unaopanda juu ya wengine, wenye maua mekundu na manjano kama ndimi za moto. Inchini India wanaulima kwa kuuzia viwanda vya dawa. Kiazi chake kimeua watu waliodhani ni kiazi cha kula.

Shida yote ni kipimo. Uchunguzi uliotolewa katika 2010 ulionyesha kwamba miligramu 1.8 inasaidia sawa na 4.8, bila kuharisha sana. Nanoteknolojia inajaribu kupunguza tena: kolkisini inafungwa katika matone ya mafuta madogo kabisa, yanayopimwa kwa sehemu za milioni ya milimita, kisha inachanganywa na jeli ili ipite katika ngozi bila kusumbua tumbo. Jeli za namna hiyo zimejaribiwa kwa panya. Haziko bado dawa ya kununua.

Basi wazee walikuwa na haki? Nusu tu. Munganga wa kienyeji mara nyingi anachanja chale kwanza, ndipo anasugua unga wa mizizi. Jeli inapita polepole katika ngozi nzima, na kiasi kinajulikana. Chale inafungulia kiazi mulango wa damu, na hakuna aliyepima kilichoingia.