Jana na Leo Ndani ya Kitenzi: Kujifunza Njeo Chini ya Mlima Kenya

Wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka Nyeri mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye katika vituo vya njia ya reli kama Naro Moru, walizungumza Kigujarati au Kipunjabi majumbani mwao. Kihindustani kilikuwa kiungo baina yao. Katika lugha hiyo neno kal lina maana ya jana na ya kesho pia. Parson ni juzi na ni kesho kutwa. Kinachoamua ni kitenzi: kal aaya, alikuja jana, kal aayega, atakuja kesho. Kitenzi hicho hicho hutaja jinsia ya mtendaji, kwani mwanamke akija husemwa aayi, na akitarajiwa, aayegi. Hata hivyo umbo la aaya halipimi umbali wa wakati. Latosha kwa asubuhi hii na kwa mwaka uliopita.

Kigikuyu hupima. Wanunuzi wakisema tũgũrire, wamenunua leo; tũragũrire, walinunua jana; twagũrire, walinunua kabla ya hapo. Kiishio -ire hakibadiliki; kazi yote hufanywa na -ra-, na -a-, au na kutokuwapo kwa kiambishi chochote mahali hapo. Kwa hiyo mwenye duka, ambaye kwa wengi wao darasa la Kigikuyu lilikuwa kaunta, alipaswa kujifunza kuiweka siku ndani ya kitenzi, jambo ambalo lugha yake haikupata kumdai. Kosa hapo si la adabu wala la matamshi. Ni kosa la hesabu, na katika biashara ya mkopo hesabu ya siku ina uzito wake.

Wamisionari walikuwa na kalamu. A. W. McGregor alichapisha sarufi ya Kigikuyu mwaka 1905. A. R. Barlow, wa misheni ya Kiskoti iliyoanzisha kituo cha Tumutumu wilayani Nyeri mwaka 1908, alitoa kitabu chake mwaka 1914 na kukiita masomo ya majaribio. Katika toleo la 1951 neno “majaribio” liliondolewa. Kujiamini huko kulichukua miaka 37, na pengine hakukuwa kurefu kupita kiasi kwa mfumo wa njeo ulio mpana namna hii.

Walowezi wa mashamba walipita njia fupi. Waliwasemesha vibarua Kiswahili kilichokatwakatwa, Kisetla, ambamo viambishi vya kitenzi ndivyo vilivyoathirika kwanza. Lakini hata Kiswahili sanifu kina -li- moja tu kwa yote yaliyopita, yawe ya leo au ya zamani. Shahidi wa Naro Moru akieleza jambo kwa -ra-, amekwisha kusema kwamba lilitukia jana. Mkalimani akifasiri “tulinunua” na kunyamaza, siku imepotea, na shahidi aulizwapo tena “lini?” huonekana kana kwamba alikuwa akificha. Mkalimani mwangalifu huongeza neno “jana”, akishtumiwa pengine kwa kutia lisilosemwa, ilhali lilisemwa. Kihindustani nacho kina hasara yake: aayi ikiwa “alikuja”, mwanamke ametoweka.

Lililochelewa kueleweka ni toni. Lilias Armstrong alilichunguza London, Jomo Kenyatta akiwa msaidizi wake wa lugha kati ya 1935 na 1937. Kitabu kilitoka mwaka 1940, mwandishi akiwa amekwisha kufariki. Marion Johnson naye alizishughulikia njeo hizo katika tasnifu ya mwaka 1977. Tahajia ya kawaida, hata hivyo, haionyeshi toni. Katika nafsi ya kwanza wingi msomaji hana shida, maana tũ- na twa- huonekana wazi. Katika nafsi ya tatu umoja, a- ya mtendaji hukutana na -a- ya wakati, na msomaji wa barua iliyoandikwa agũrire hulazimika kuamua mwenyewe, kwa muktadha, kama mbuzi alinunuliwa leo au zamani.