Chati Huhesabu Nini? Kaseti za Mji wa Kale na Mashine ya Billboard

Wasomaji wangu, leo tuweke programu kando tuongee muziki, ingawa hadithi yenyewe ni ya data vilevile.

Hadi mwaka 1991 jarida la Billboard la Marekani, ambalo chati yake ya albamu watu huipokea kama hukumu ya kadhi, lilipata hesabu zake kwa kuuliza tu. Meneja wa duka anapigiwa simu: wiki hii kimeuzika nini? Anajibu kwa kukisia, au kwa kupendelea. Toleo la tarehe 25 Mei 1991 likaanza kutumia SoundScan: albamu ikipita kwa keshia, mashine inasoma ile mistari myeusi ya kwenye jalada na mauzo yanaingia kwenye kompyuta. Chati ikageuka. Juni ile ile Skid Row, vijana wa roki nzito, wakaingia moja kwa moja namba 1. Agosti wakaja Metallica. Je, Wamarekani walianza kupenda magitaa ya kelele mwezi ule? Hasha! Walikuwa wakinunua kitambo, ila hakuna aliyewahesabu sawasawa.

(Wahakiki nao ni hivyo hivyo. Rolling Stone mwaka 2003 waliiweka Sgt. Pepper's ya Beatles kileleni. Mwaka 2020, kwa kura mpya, What's Going On ya Marvin Gaye ikakalia kiti. Albamu ni zile zile za 1967 na 1971.)

Sasa njoo Mombasa. Mpaka miaka ya 70 taarabu yetu ilitoka kwenye santuri ndogo, za lebo kama Mzuri. Santuri hutoka kiwandani kwa mafungu, ina namba na jina la lebo. Kisha ikaja kaseti. Kwenye maduka ya Mji wa Kale, kama Mbwana Radio Service, mteja anachagua na mwenye duka anamnakilia kutoka kanda kuu. Hakuna stoku, hakuna toleo. Kisha jirani anaazima, naye anarekodi yake, na Juma Bhalo wa harusini anafika Lamu bila risiti. Hapo skena ungeiweka wapi?

Miaka ya 2000 Buda Musique ya Ufaransa ilitoa CD ya pili ya mfululizo wa Zanzibara: zama za dhahabu za taarabu ya Mombasa, 1965 hadi 1975. Ni CD tamu, itafuteni. Lakini tazama huo mwaka wa mwisho: ndipo santuri zilipoanza kuipisha kaseti. Simlaumu mkusanyaji, ila mimi siamini kwamba dhahabu iliisha. Bhalo, aliyefariki 2014, na Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, waliendelea kuimba kwa miongo.

Kanda za miongo hiyo ndizo zinazoliwa na ukungu wa pwani. Zilizokatika zilitupwa na taka nyingine, na taka za mji zilikuwa zikiishia jaa la Kibarani, kabla halijafungwa na kupandwa miti. Kama nyumbani mna kasha la kaseti, unganisha deki na kompyuta, fungua Audacity (ni ya bure), hifadhi kwa WAV, si MP3. Kwenye jina la faili andika mwimbaji, mwaka, na harusi ilikuwa mtaa gani. Yenye ukungu usiicheze kabla ya kuisafisha, itachafua deki na kanda zinazofuata.