Raketi na Unyevu wa Pwani

Mwaka 1877 Caroline Thackeray alifika Unguja, akaja kuongoza shule ya wasichana waliokombolewa utumwani huko Mbweni. Mwaka huohuo mashindano ya kwanza ya tenisi yalichezwa Wimbledon. Mchezo huo ukavuka bahari, na enzi za ukoloni Waingereza wa Mji Mkongwe wakawa na viwanja vyao Mnazi Mmoja: tenisi, gofu, kriketi.

Raketi zilikuwa za mbao, nyuzi zake utumbo wa mnyama. Unyevu wa pwani ni adui wa vyote viwili, kwani mbao hupinda na utumbo huharibika. Ndiyo maana raketi ilibanwa kwenye fremu yenye skrubu kila baada ya mchezo. Ilikaribia gramu 400, uso wake mdogo. Mwanafunzi alibeba zana nzito kama ya bingwa, na huo ulikuwa uonevu hasa.

Nafuu ililetwa na mbunifu Howard Head mwaka 1976, kwa raketi ya kampuni ya Prince yenye uso mpana.

Leo anayeanza, awe Mbweni au kwingineko, atafute ya gramu 255 hadi 285, uso wa inchi za mraba 100 hadi 110. Mkono hautachoka upesi, na mpira utarudi hata usipopigwa katikati. Nzito yenye uso mdogo aachiwe aliyekwisha kukomaa.