Ndoo za Mabaharia na Ushahidi wa Joto la Bahari

Kumbukumbu za joto la bahari tunazozitegemea leo zina asili ya ndoo na kamba. Mwaka 1853, kwa juhudi za Matthew Fontaine Maury, afisa wa jeshi la majini la Marekani, wajumbe wa mataifa 10 walikutana Brussels wakakubaliana utaratibu mmoja wa kuandika hali ya hewa na ya bahari katika daftari za meli. Baharia aliteka maji ya juu kwa ndoo, akaivuta hadi sitahani, akatumbukiza kipimajoto. Ndoo ya mbao ilihifadhi joto vizuri. Ndoo ya turubai ililowana, upepo ukauvukiza ule unyevu, na maji yakapoa kabla kipimajoto hakijasomwa. Baadaye meli nyingi zikapima maji yanayovutwa kupoza injini, ambayo kwa kawaida yalisomeka ya moto kidogo kuliko bahari yenyewe.

Tofauti hiyo ilizaa fumbo. Kumbukumbu zilionyesha kwamba mwaka 1945 bahari ilipoa ghafla kwa takriban nyuzijoto 0.3. Mwaka 2008 mwanasayansi wa hali ya hewa David Thompson na wenzake walieleza chanzo: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vipimo vingi vilitoka kwa meli za Marekani, zilizopima maji ya injini; vita vilipokwisha, zikaongezeka meli za Uingereza zilizotumia ndoo.

Wapo wanaodai kwamba kusahihisha vipimo ni kupika takwimu. Lakini masahihisho ya ndoo hupandisha joto la zamani, hivyo hupunguza ongezeko linaloonekana tangu karne ya 19. Mwenye nia ya kutia chumvi asingefanya hivyo. Wengine huuliza: ikiwa vipimo vya jana vina shaka, utabiri wa kesho tuuamini vipi? Ni swali la haki, kwani mifano mingi ya kompyuta ilitabiri kwamba mvua za masika Afrika Mashariki zingeongezeka, ilhali tangu miaka ya 1980 zilielekea kupungua. Hata hivyo, shaka juu ya kiasi na mahali haifuti mwelekeo wa joto. Maboya ya Argo, karibu 4,000, yanayopima hadi kina cha mita 2,000, hayategemei ndoo wala injini, nayo yanaonyesha bahari ikizidi kupata joto. Basi, kwa kuwa joto linapanda lakini mvua haitabiriki kwa uhakika, wanaopanga kilimo na uvuvi wetu wajiandae kwa ukame na kwa mafuriko pia. Kungoja uhakika kamili ni kuamua kutojiandaa.