Kalafati Bafuni

Kati ya ukingo wa hodhi la kuogea na paneli isiyopenya maji iliyobandikwa ukutani huachwa nafasi ya milimita 3 hadi 5. Fundi akifika hapo husema anakwenda "kupiga silikoni". Mwenye nyumba husema anataka "pazibwe". Muuza vifaa vya ujenzi naye humpa mteja "gundi". Silikoni ni jina la dawa inayotumika, gundi ni kitu cha kugandisha, na kuziba ni kazi nyingine kabisa. Kiswahili kinalo neno la kazi hii, la zamani na kamili: kukalafati.

Tutazame kwanza nafasi yenyewe, maana hapo lugha yetu ina utajiri tusioutumia. Ufa huja bila kuitwa: msingi umetitia, lipu imekaushwa kwa pupa, mstari ukajichora ukutani. Pengo ni mahali palipokuwa na kitu kikatoka, kama jino lililong'oka. Mwanya ni wa asili. Mtu huzaliwa nao kati ya meno ya mbele na husifiwa uzuri kwa ajili yake. Nafasi iliyo juu ya hodhi ni mwanya. Imeachwa makusudi ili paneli isikalie ukingo, na anayeiita ufa ameshaikosea kazi kabla hajashika kifaa. Ufa tumefundishwa tangu utotoni kuuziba upesi, tusije tukajenga ukuta. Kwa hiyo fundi huchukua simenti nyeupe au grauti, akapachika, akapangusa, akapokea ujira wake akaenda zake. Haupiti muda mrefu, mstari ule umekatika.

Umekatika kwa sababu hodhi halitulii. Lita 150 za maji ni kilo 150, na mwogaji bado hajaingia. Akiingia, kilo 200 na ushei zimekaa juu ya miguu michache. Hodhi la akriliki hunepa, ukingo wake ukashuka kidogo na kuuacha ukuta. Maji yakitolewa, hurudi juu. Simenti haijui kunepa, hupasuka. Maji hupenya nyuma ya paneli pole pole, na kama moyo wa paneli ni mbao, hufura kuanzia chini, ngozi yake ikabanduka. Mwenye nyumba hushtuka anapoona doa kwenye dari ya chumba cha chini.

Waunda majahazi walikwishaijua shida hii zamani sana. Mbao za chombo hazitulii kamwe: jua huzikausha zikasinyaa, bahari huzilowesha zikafura, mawimbi huzivuta huku na huku. Katika sehemu za uundaji kama Nungwi kisiwani Unguja au Matondoni kule Lamu, fundi husokota pamba mbichi kama kamba nyembamba, akaichovya mafuta, akailaza kwenye maungio ya mbao. Kisha huisukuma ndani kwa chembeu, patasi butu isiyokata, akiigonga kwa nyundo, pigo baada ya pigo, akifuata mstari kutoka omo hadi tezi. Mafuta ya jadi ni sifa, yatokanayo na papa, yenye harufu isiyosahaulika. Chini ya usawa wa maji hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Chombo kikishushwa, pamba na mbao hufura pamoja na maungio yakakaza. Kazi hiyo yote inaitwa kalafati.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Chupa huzibwa, shimo la panya huzibwa, tundu la bati huzibwa; kinachotakiwa ni pasipite kitu wala pasitikisike kitu. Kukalafati ni kujaza maungio yatakayoendelea kucheza, kwa kitu kitakachocheza nayo. Bafuni tunataka hilohilo.

Neno lenyewe limesafiri mbali. Kwetu limeingia kutoka Kiarabu, na ndugu zake wamo katika Kireno, Kihispania, Kifaransa na Kiitaliano. Wanaisimu bado wanabishana kama chimbuko ni Kiarabu au Kigiriki. Mfalme Mikaeli wa Tano, aliyetawala Konstantinopoli kwa miezi michache kati ya 1041 na 1042, alibandikwa jina la Kalafati kwa kuwa baba yake alikuwa fundi wa kazi hiyo. Kwetu limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, na chembeu imo pia. Silikoni, kwa upande wake, ni jina la juzi tu: mkemia Frederic Kipping wa Nottingham alilibuni mwaka 1901 kwa kufananisha fomula ya kemikali zake na ile ya ketoni, ingawa kemikali hizo hazina tabia ya ketoni. Kesho italetwa dawa nyingine yenye jina jingine. Kitenzi kilichofungwa kwenye jina la dawa kitachakaa pamoja nayo.

Najua pingamizi: kalafati ni ya vyombo vya baharini, iachwe huko. Mbona usukani ulitoka kwenye chombo ukaingia kwenye gari? Mbona nahodha anaongoza timu ya mpira na hakuna anayeshangaa? Hodhi la kuogea lina maji, lina maungio yanayocheza, na lina mbao za kulindwa nyuma yake. Kalafati ina haki zaidi ya kuingia bafuni kuliko nahodha alivyokuwa nayo ya kuingia uwanjani.

Walimu wa vyuo vya VETA, na wote mnaoandika vitabu vya ufundi wa ujenzi, liwekeni neno hili katika somo la mabomba na la umaliziaji wa nyumba, maana anayeitwa kukalafati atauliza nini kinacheza, na jibu la swali hilo ndilo litakalomwonyesha namna ya kuifanya kazi.

Nawe msomaji, ukimwita fundi, mwambie akwangue silikoni ya zamani yote, kwani mpya haishiki juu yake, na asafishe kwa spiriti pakauke. Harufu ya siki isikutie hofu. Aina nyingi za silikoni hutoa asidi ya siki zinapokauka. Kisha ajaze hodhi maji kabla ya kukalafati, ili mwanya uwe katika upana wake wa mwisho, na maji hayo yakae humo saa 24 kabla ya kufunguliwa.