Imesoma?

Kwenye genge la mboga Mwananyamala, Dar es Salaam, karatasi ya Lipa Namba, ya kulipia kwa simu, imebandikwa juu ya mafungu ya nyanya. Mteja analipa, kisha anauliza: "Imesoma, mama?" Muuzaji anatazama simu. "Bado haijasoma, mwanangu. Subiri kidogo."

Hapo hasomi mtu, inasoma pesa. Mizani ilitangulia kusoma kilo, na mita ya umeme yuniti. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, malipo nayo yamepata kusoma. "Imetumwa" haitoshi: salio la mteja laweza kukatwa na simu ya muuzaji ikabaki kimya. Ikisoma, deni limekwisha, chukua nyanya zako.

Ni Kiswahili safi, kimezaliwa sokoni. Wahariri wa kamusi, msikiache.